Kabla ya kununua bati, pima kwanza

Simu nyingi zinazoingia kwetu Shimanzi, Mombasa, huanza na ombi la bati. Mtu ana kifaa kinachosumbuliwa, ameambiwa mchawi wake ni transfoma iliyo upande wa pili wa ukuta, na sasa ataka kujua bati la kukinga sumaku ni shilingi ngapi kwa mita mraba. Mimi ni mwanafizikia wa utafiti katika kampuni ndogo inayoshughulika na kinga za sumaku, na jibu langu ni lilelile kila mara: siwezi kusema bei mpaka nije nipime. Wengine hukata simu papo hapo. Katika wale wanaokubali, sehemu kubwa huishia kutohitaji bati hata moja. Nataka kueleza sababu, maana fedha nyingi hupotea hapa pwani kwa kununua kinga isiyokinga kitu, na maana kazi hii naipenda na ningetaka vijana waliosoma fizikia wajue kwamba ipo.

Uga ni eneo ambamo nguvu ya umeme au ya sumaku husikika. Uga wa umeme unaweza kuzuiwa ukazuilika. Mwaka 1836 Michael Faraday alijenga chumba kilichofunikwa metali, akaingia ndani na vipimo vyake huku nje cheche zikirindima, na vipimo havikutikisika. Chaji zilizomo ndani ya metali husogea, hujipanga upya na kuufuta uga. Sumaku haina chaji za namna hiyo. Ukiikata sumaku vipande viwili, kila kipande kitakuwa na ncha yake ya kaskazini na ya kusini, na hakuna aliyewahi kuishika ncha moja peke yake. Kwa hiyo hakuna kitu kinachoweza kukaa ukutani kikaumeza mstari wa uga wa sumaku ukaishia pale. Kila mstari hufanya mzunguko na kurudi ulikotoka. Hata zile metali zinazopozwa mno mpaka umeme upite bila kizuizi chochote, nazo huusukuma uga pembeni tu. Uwezo wetu ni mmoja: kuupa uga njia nyingine iliyo rahisi kuliko ile inayopita kwenye kifaa.

Bati la kinga ni kama mfereji wa paa. Halizuii mvua, huyapokea maji na kuyapeleka kwingine, na mvua ikizidi kipimo chake hufurika. Metali ikifika hapo twasema imeshiba, na uga uliobaki hupita kana kwamba kinga haipo.

Wepesi wa metali kuipitisha sumaku ndio unaoamua ubora wa mfereji huo. Hewa tuipe 1. Bati la chuma la kawaida, kwenye uga dhaifu kama ule wa dunia, lina mia kadhaa. Aloi ya mu-metal, ambayo kwa sehemu kubwa ni nikeli, ina makumi ya maelfu, na ikitunzwa vizuri hukaribia 100,000. Kwa bomba refu, hesabu ya haraka ni kuzidisha wepesi huo kwa unene wa bati, kisha kugawa kwa kipenyo. Bomba la kipenyo cha mita 1, bati la milimita 1, wepesi 20,000: uga wa ndani utakuwa karibu sehemu moja ya ishirini ya ule wa nje. Wengi hushangaa kuona kipenyo kimekaa chini ya mstari. Kinga kubwa ni kinga dhaifu. Ndiyo maana kukikinga kifaa chenyewe ni rahisi kuliko kukikinga chumba, na chumba ni rahisi kuliko jengo, na ndiyo maana mtu anayetaka kuvisha ukumbi mzima bati namwomba kwanza anionyeshe hicho kinachosumbuliwa kina ukubwa gani.

Ukiweka bomba ndani ya bomba, yasigusane, nguvu zao karibu huzidishana badala ya kujumlishana. Bati moja la milimita 2 ni dhaifu kuliko mawili ya milimita 1 yaliyoachiwa nafasi katikati. Na pale penye uga mkali, chuma cha kawaida hutangulia upande wa uga huo, kwa sababu chuma hakishibi mapema: kinabeba karibu tesla 2 (tesla ni kipimo cha ukali wa uga wa sumaku) kabla ya kufurika, ilhali mu-metal hufurika hata kabla ya kufika tesla 1. Mu-metal huwekwa upande wa utulivu, imalizie kilichobaki.

Hapa kwetu tuna nafuu moja ambayo haisemwi sana. Uga wa dunia Mombasa ni mikrotesla 30 na kitu, wakati London ni karibu 50; mikrotesla moja ni sehemu ya milioni ya tesla. Sisi tuko kusini ya ikweta ya sumaku, inayopita juu huko Ethiopia, na ncha ya kaskazini ya sindano ya dira hapa huinuka badala ya kuinama. Vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa na watu wa kaskazini, na michoro yao huchukulia kwamba uga unashuka kutoka juu kwa mwinamo mkali. Kwetu sehemu kubwa ya uga ni ya mlalo. Kinga iliyochorwa kwa ajili ya Ulaya, uwazi wake ukiachwa ubavuni kwa kuamini kwamba hatari iko juu, huwa imeufungulia mlango uga wetu. Michoro ya kutoka nje huwa naigeuza kwanza kwa hesabu za hapa kabla fundi hajaishika.

Chukua kisa cha hospitali moja kisiwani. Walikuwa na chumba cha kupima mishipa ya fahamu na misuli. Mgonjwa hulazwa, sindano nyembamba hudungwa kwenye msuli, na mashine husoma umeme mdogo mno unaotoka humo. Kwenye skrini, badala ya mstari uliotulia, palikuwa na mawimbi ya kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, hata pasipo na mgonjwa kitandani. Daktari alikuwa akiwarudisha watu nyumbani, wengine wametoka Kwale na Taita kwa matatu wakiwa na maumivu. Kotesheni ya kukivisha chumba kizima alumini, kuta, sakafu na dari, ilikuwa imeshaandikwa na kupelekwa kwa bodi.

Nilianza kitandani. Magnetomita yetu, yaani kipimo cha uga wa sumaku, ina koili tatu zilizokaa pembe mraba, moja kwa kila uelekeo, na hutenganisha uga wa kila masafa. Pale palisoma mikrotesla 1.4 kwenye hezi 50, yaani yale mawimbi ya mara 50 kwa sekunde. Kwa mwili wa binadamu hiyo ni ndogo sana, lakini nyaya za mashine zinapotandazwa juu ya mgonjwa hufanya kitanzi, na uga unaogeukageuka ukipita ndani ya kitanzi huzalisha volti zake, kubwa kuliko zile za msuli. Pembeni ya hezi 50 palikuwa na nundu ya pili kwenye hezi 150, nayo haikuwa ndogo. Hapo nikaanza kuiondolea transfoma lawama. Hezi 150 ni alama ya nyutro, waya unaorudisha umeme uliokuja kwa nyaya za fezi. Kompyuta, chaja na taa za LED huvuta umeme kwa mikupuo, na mikupuo hiyo ya fezi tatu haifutani kama inavyofutana mikondo ya kawaida. Hujumlishana yote kwenye waya wa nyutro.

Nikaisogeza magnetomita mbali na ukuta kidogokidogo. Uga wa transfoma hufifia upesi: ukiongeza umbali mara mbili hubaki takriban sehemu moja ya nane. Wa kebo iliyobeba waya wa kwenda na wa kurudi pamoja hubaki robo. Huu ulikuwa unabaki nusu. Nusu ina maana moja tu, kwamba kuna mkondo unaokwenda kwa njia moja na kurudi kwa njia nyingine iliyo mbali nayo.

Fundi mkuu wa umeme wa hospitali ile ni mzee mtaratibu wa Kisauni, anayezijua swichibodi za jengo kuliko ramani yenyewe. Nilimwomba avishe klampu, kipimo cha mkondo kinachokumbatia waya, kwenye kebo kuu inayopanda ghorofani, fezi zote tatu pamoja na nyutro kwa mpigo. Kebo iliyo salama husoma sifuri, kwani kilichokwenda kimerudi. Ikasoma ampea 22. Akaivua, akaijaribu kwenye kebo ya lifti, sifuri. Akairudisha, 22.

"Mwanangu," akaniambia, "hizi ishirini na mbili zarudi kwa njia gani?"

"Hizo ndizo tunazozitafuta, mzee."

Akakaa kimya, akaanza kuhesabu kwa vidole bodi zilizoguswa tangu jengo lianze kuongezwa viyoyozi. Ya tatu tuliyofungua, ghorofa ya pili, ilikuwa na kipande cha waya kilichounganisha nyutro na waya wa ardhi. Aliyekifunga huenda alidhani anaongeza usalama. Matokeo yake, sehemu ya mkondo ilikuwa ikirudi kupitia waya wa ardhi, mabomba na nondo za jengo, ikipita chini ya sakafu ya chumba cha vipimo. Hesabu yake haina mzunguko: waya mmoja wenye ampea 22, ukiwa umbali wa mita 3, hutoa mikrotesla 1.5 hivi, nasi tulipima 1.4. Mzee akazima bodi, akakitoa kile kipande, akawasha. Kitandani pakasoma mikrotesla 0.04, na mstari wa daktari ukatulia.

Alumini ya kotesheni ile ingepunguza usumbufu bila kuuondoa, na mkondo ungeendelea kutembea kwenye mabomba ya hospitali, mahali ambapo watu hunawa mikono. Hili ndilo linaloniuma ninapoona kinga inauzwa kabla ya kupima. Bati zuri, lililofungwa vizuri na kulipiwa vizuri, laweza kuificha hatari ambayo ingeondolewa kwa bisibisi.

Kwa hiyo bati kwetu huja mwisho. Kwanza twauliza kama chanzo chaweza kusogezwa, kwa kuwa umbali haulipiwi. Pili twatazama nyaya. Waya mmoja wa ampea 10, ukisimama mita 1 kutoka kwake, una mikrotesla 2. Ulaze kando yake waya wa kurudi, sentimita 1 kati yao, na palepale uliposimama uga hushuka hadi 0.02, mara mia pungufu, kwa gharama ya vibanio. Ukizisokota hizo nyaya pamoja hushuka zaidi. Nimeona vyumba vya swichi ambapo fezi zimepitishwa ukuta wa kulia na nyutro ukuta wa kushoto kwa sababu ndivyo matundu yalivyotobolewa, na juu yake watu wanahangaika na skrini zinazotetemeka. Wachoraji wa majengo wanisamehe, lakini kuweka chumba cha transfoma chini ya chumba cha vipimo, kisha kunipigia simu zege ikishakauka, ni kuniomba nirekebishe kwa metali kitu ambacho kalamu ingekirekebisha bure.

Hata hivyo zipo kazi ambazo bila bati haziendi, na hapo ndipo mu-metal hustahili kila shilingi. Historia yake inagusa bahari kama hii yetu. Kebo za telegrafu za chini ya bahari zilikuwa na tatizo: alama ikitumwa upande mmoja, hutokea upande wa pili imetanuka na kuchanganyika na inayofuata, hivyo waendeshaji walilazimika kutuma polepole. Mombasa yenyewe iliunganishwa na Zanzibar kwa kebo ya aina hiyo mwaka 1890. Oliver Heaviside alikuwa ameshaonyesha kwa hesabu kwamba kebo ikiongezewa usumaku kuizunguka, alama hubaki kali. Ilitakiwa metali nyepesi kupitisha sumaku, inayoweza kuvutwa ikawa uzi. Mwaka 1914 Gustav Elmen, akifanya kazi Marekani, alipata aloi ya nikeli na chuma yenye wepesi ambao haukuwahi kuonekana, na kebo iliyovishwa aloi hiyo ikalazwa 1924 kutoka New York hadi visiwa vya Azores. Waingereza Willoughby Smith na Henry Garnett walikuwa wamesajili ya kwao mwaka 1923, wakitia shaba kidogo ili ivutike bila kukatika, na hiyo ndiyo mu-metal. Kila kilomita moja ya kebo ilihitaji uzi wa mu-metal wa kilomita 50 hivi. Leo kebo za intaneti za TEAMS na SEACOM, zilizofika hapa 2009, na EASSy ya 2010, hupitisha mwanga ndani ya nyuzi za kioo na hazina haja na aloi hiyo. Metali iliyobuniwa ili maneno yasichafuke baharini ikahamia kwenye kazi ya kuvitulizia vifaa uga.

Ni metali yenye heshima zake. Ikishakatwa na kukunjwa, haina maana mpaka ichomwe upya ndani ya haidrojeni, kwa joto la nyuzi 1,100 na zaidi, kisha ipoe polepole sana. Haidrojeni huondoa kaboni na uchafu, chembe za metali hukua na kujipanga, na wepesi wake hupanda hata mara 40. Sisi hatuna tanuri hilo, kwa hiyo vipande huja vimeshachomwa, vikiwa na vipimo kamili. Kuanzia hapo adui yake ni mshtuko. Mu-metal iliyoangushwa haionyeshi kovu lolote. Inang'aa vilevile, ina umbo lilelile, lakini pale ilipopigwa chembe zimesukwasukwa na sumaku haipiti tena kwa urahisi.

Fundi wetu wa karakana ni hodari wa bati, amekulia kwenye gereji za Bondeni, na mkono wake umezoea kwamba kitu kisipokaa hugongwa kikakaa. Siku alipokuta kona ya sanduku haijakutana kwa milimita 2, nyundo ya mpira ilikuwa tayari mkononi. Nilimwomba asubiri. Tulichukua kipande cha kutupa, nikakipima mbele yake, akakigonga kwa nguvu zilezile alizokusudia kuzitumia kwenye ile kona, nikakipima tena. Wepesi ulikuwa umeshuka chini ya nusu. Alikigeuza kipande mara nyingi mkononi akitafuta alama ya pigo. Tangu siku ile yeye ndiye mkali kuliko sote: rafu zake amezitandika mpira, kreti ikitoka bandarini huifungua mwenyewe, na dereva wa forklifti akiishusha kwa kishindo, vipande vya kreti hiyo hupimwa vyote upya kabla havijaingia stoo. Kona zisizokutana siku hizi hufunikwa kwa kipande cha ziada kinachopishana pande zote mbili, bila kulazimisha kitu.

Bahari nayo ina madai yake. Kwenye uga wa hezi 50, alumini hukinga kwa njia tofauti: uga unaogeuka huamsha mikondo ndani ya bati, na mikondo hiyo huupinga. Ili ifanye kazi lazima mikondo izunguke chumba chote bila kukatizwa. Bati zilizoungwa kwa bolti hufanya vizuri siku ya makabidhiano. Kisha hewa ya chumvi huingia kwenye viungo, alumini hujenga ngozi yake isiyopitisha umeme, na kinga hugawanyika vipande bila mtu kuona. Kwa mteja aliye karibu na maji, Nyali au Likoni, nasisitiza viungo vichomelewe mfululizo, na sikubali kufunga bolti hata akisema bajeti haitoshi. Afadhali kinga ndogo iliyochomelewa kuliko kubwa itakayooza ndani.

Nahodha wa meli ya chuma anayajua haya kwa upande wake. Chuma cha meli hulewa uga wa dunia na kuipotosha dira, na upotofu wenyewe hubadilika meli ikivuka ikweta ya sumaku, kwa kuwa sehemu ya wima ya uga imegeuka. Matthew Flinders alilichunguza jambo hili alipozunguka Australia kati ya 1801 na 1803, na kipande cha chuma kinachosimamishwa mbele ya dira kulirekebisha bado kinaitwa kwa jina lake. Meli iliyosawazishwa dira Rotterdam huingia Kilindini ikiwa imeshauvuka mpaka huo.

Watu huniuliza sana kuhusu afya, hasa akina mama walio na transfoma karibu na dirisha la chumba cha mtoto. Mwongozo wa 2010 wa ICNIRP, tume ya kimataifa ya kujikinga na mionzi ya aina hii, unaweka kikomo cha mikrotesla 200 kwa umma kwenye hezi 50, na majumbani napima mara nyingi chini ya mikrotesla moja. Mwaka 2002 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliweka uga wa masafa haya kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa ushahidi lililouita hafifu. Nawapa habari zote mbili, nampimia anayetaka kupimiwa, na kitanda kikiwa kimeegemea ukuta wenye mita ya umeme nashauri kisogezwe mita moja. Zile stika zinazouzwa mjini kwamba huzuia mionzi na sumaku, hazina unene wala wepesi wa kupeleka chochote kokote. Usinunue.

Kazi ya utafiti wa viwandani ina mwendo wake. Swali haliji likiwa safi kama la mtihani; huja likiwa na tarehe ya mwisho, mteja mwenye wasiwasi, na barabara iliyojaa malori ya makontena. Kila lori linalopita hapa Shimanzi huutikisa uga wa dunia ndani ya maabara yetu, kwa sababu chuma chake huukusanya uga kinapopita. Vipimo vya kina tunavifanya usiku, au Ijumaa saa saba mchana, karakana za jirani zikifungwa kwa swala na mashine za kuchomelea zikinyamaza. Reli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi ni ya dizeli, na kwetu ni afueni kubwa. Tanzania reli yao mpya ya Dar es Salaam hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria 2024, ni ya umeme, na wenzangu watakaofunga vifaa vya kupimia kando yake wana mkondo wa kurudi relini wa kufikiria.

Kijana akiniuliza kama kuna jambo kubwa humu, humwambia habari za moyo. Moyo wa binadamu ukipiga hutoa uga wa sumaku wa makumi ya pikotesla (pikotesla ni sehemu ya milioni ya mikrotesla), yaani sehemu moja tu kwa laki kadhaa za uga wa dunia uliopo hapa Mombasa. Mwaka 1963 Gerhard Baule na Richard McFee walifanikiwa kuusikia kwa koili zenye mizunguko ya waya inayofikia milioni mbili. Miaka michache baadaye David Cohen, huko chuo cha MIT Marekani, alijenga chumba cha tabaka za mu-metal na alumini, akaweka ndani kipimo kilichopozwa mno, na moyo ukaonekana wazi bila kitu chochote kuugusa mwili. Berlin kuna chumba chenye tabaka saba za mu-metal. Daktari aweza kutazama moyo wa kijusi tumboni kwa njia hii bila sindano na bila mionzi. Natamani kukiona chumba kama hicho pwani hii, na si ndoto ya anasa: kinachohitajika ni metali, hesabu, mikono mitulivu na watu wenye subira ya kupima. Mikono tunayo. Fizikia inafundishwa hapa na watu wanaifaulu, kisha wanaambiwa kazi yake ni kuifundisha tu.

Kwa sasa sehemu kubwa ya muda wangu inakwenda kwenye chuma cha hapahapa. Mu-metal ni ghali na hutoka mbali, lakini tabaka la nje la kinga halihitaji mu-metal, na Mariakani kuna viwanda vinavyoviringisha bati za chuma. Hakuna anayeuza bati hizo kwa wepesi wake wa kupitisha sumaku. Huuzwa kwa unene na uzito. Tunazikata pete, tunazizungushia koili mbili, moja ya kuchochea na moja ya kusikiliza, na osiloskopu huchora jinsi chuma kinavyoupokea uga na kinavyouachia. Fungu na fungu hutofautiana sana, hata likitoka kiwanda kimoja, kwa sababu ya kaboni na kwa sababu ya mkazo unaobaki bati linapoviringishwa likiwa baridi. Tukiipasha moto pete hadi iwe nyekundu iliyofifia, imefukiwa kwenye vumbi la chuma isiote magamba, kisha tukaiacha ipoe usiku kucha, wepesi wake hupanda mara kadhaa. Tanuri la kawaida latosha.

Kinachotupa shida sasa ni viungo. Bati likichomelewa, ukanda wa vidole viwili kila upande wa mshono hurudi kuwa mgumu kwa sumaku, na kazi yote ya tanuri hupotea hapo. Kwa hiyo tunajaribu kuyapishanisha bila kuyachomelea. Mapishano ya sentimita 10 yamevujisha kidogo kuliko ya 5, na ya 15 hayakuongeza faida inayopimika. Chumba cha transfoma tunachokiandaa Miritini tutakifunga kwa 10, tabaka mbili, viungo vya ndani visikutane na vya nje, na kitapimwa kikiwa kitupu kabla transfoma haijaingizwa.